Mukojo wa Bamwana

Ninyi mabinti mnaobakia mule ndani ya kituo mumenisumbua niandike. Mumesema, "Mama Solange, utaenda na kila kitu mu kichwa, sisi tutabakia na ndoo." Basi, mumepata. Mimi nilisoma mpaka darasa ya tatu primere kule Kibumba, kisha papa akasema shamba ya viazi haijui kusoma, turudi kulima. Maandishi yangu yanatembea kama mbuzi juu ya mawe ya volkano: inaruka, inasimama, inaangalia nyuma, lakini inafika. Anayeona makosa asahihishe kimya kimya.

Sitasema namna nilivyopandishwa cheo, juu sikupandishwa. Nilianza na ndoo, nikamaliza na chupa. Katikati ndiko kuko kazi.

Siku ya kwanza nilipofika, kituo chetu cha afya hakikuwa na ukuta wa simenti kama mnavyouona leo. Ilikuwa nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe meusi, kwenye barabara ya kupanda Munigi, na mvua ikinyesha tulikuwa tunasemezana kwa mikono juu ya kelele ya mabati. Niliitwa kufagia. Nikaja na kitenge changu kizuri, juu nilifikiri kazi ya hospitali ni kazi safi. Sasa mnacheka, na mimi nilicheka nyuma ya siku nyingi.

Aliyenipokea ni Mama Masika. Wengi wenu hamukumukuta. Alikuwa muuguzi wa kutoka Butembo, mufupi, mwenye sauti ya kuuza maharagi, na yeye ndiye alichunga wagonjwa wa sukari. Siku yao ilikuwa siku ya ine, ile wengine wanaita Alhamisi, na mpaka sasa ni ile ile. Hakunipa ufagio. Alinipa sahani kubwa ya bati yenye chupa ndogo zimejaa.

"Osha. Suuza. Kisha suuza tena kama vile hukusuuza."

"Mama, si ni chupa za mukojo tu?"

Akaweka mikono kiunoni. "Sabuni kidogo ikibakia mule, kile kipimo kitasema uongo, na mutu atalia bure ao atacheka bure. Sikiliza, mama. Jino likioza linapiga kelele. Tumbo likiharibika linapiga kelele. Figo haina kinywa. Inaoza kimya, mwaka na mwaka, na mwenyewe anakula, anacheza, anaoza. Inasema kidogo tu, ndani ya hii chupa. Wewe ndiye utakuwa sikio. Usimwage."

Nikasuuza tena.

Mama Masika hakuwa mutu wa maneno makubwa. Alinifundisha figo kwa chekeche, ile ya unga wa mihogo. Alisema: mu kila figo kuko chekeche ndogo ndogo zisizohesabika. Damu inapita, uchafu unatoka na mukojo, vitu vizuri vinabakia. Sasa damu ikiwa na sukari nyingi kila siku, na tansio, ile presha ya damu, ikisukuma kwa nguvu kama mutu anayechekecha kwa hasira, matundu yanapanuka. Unga muzuri unaanguka inje. Huo unga muzuri ndiyo proteini. Ukiuona mu mukojo, jua chekeche imeanza kupasuka.

Kipimo chenyewe ni bandeleti, kile kijiti chembamba chenye viraka vya rangi. Maneno ya Kifaransa kwenye boksi sikuyajua, lakini rangi nazijua. Tangu nikiwa binti nachagua vitenge ku soko ya Virunga, hakuna muchuuzi aliyeniuzia kijani akiita buluu. Kiraka cha sukari kikitoka kwenye buluu na kuwa kahawia, sukari iko. Kiraka cha proteini kikitoka kwenye manjano na kuwa kijani, figo inasema. Na boksi ifungwe wakati wote. Unyevu wa hapa kwetu unaingia hata mu mawazo ya mutu, sembuse mu bandeleti.

Kitu kingine alichonifundisha ni chumvi. Hakusema "mupunguze chumvi", juu kila mama anajibu "ndiyo" na kurudi kutia ile ile. Alikuwa anatandika kitambaa cheupe juu ya meza na kusema, "Mama, nionyeshe namna unatia chumvi ku maharagi." Mama anachota, anamwaga juu ya kitambaa. Kisha Mama Masika: "Na kube?" Anaongeza kube, kile kipande cha kiungo cha supu. "Na ile ya ku sahani, kama bwana anasema haina ladha?" Anaongeza. Kisha wote wanaangalia kile kilima cheupe. Nimeona wanawake wamesimama pale kama wanaangalia kaburi ndogo. Makayabu, ule samaki wa chumvi, hata hakuuhitaji kwenye kitambaa. Alikuwa anainua tu kidole na kusema, "Yeye ni chumvi iliyovaa samaki."

Sasa nifike kwa ile kabati mnayotaka kuiondoa. Ndiyo, nimesikia. Mumesema ukuta mupya hauna nafasi ya kabati ya mbao. Mungojee kwanza.

Binti yangu Solange aliolewa Kibati, kwa kijana wa Muzee Bizimana. Huyu Bizimana alikuwa fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao zinazoshuka na magunia ya viazi na makaa kutoka milimani. Chukudu yake ulikuwa unaitambua kwa mbali: shingo yake ndefu kidogo, na haikuwa inalia kama zingine. Mutu mukubwa, mupole, mwenye mikono kama mizizi. Tangu ile ndoa, mimi na yeye tukawa bamwana. Kwa asiyetoka kwetu nitafafanua: wazazi wa bwana na wazazi wa bibi wanaitana bamwana, na heshima yao si mchezo. Hatukai kiti kimoja. Hatutaji mambo ya mwili. Bizimana akiwa kwangu na haja ikimubana, atasimama polepole na kusema, "Bamwana, naenda kuangalia kama mvua inakuja," na ataenda kuiangalia mpaka kwake Kibati.

Siku moja ya ine niko ku dirisha dogo la labo, mule tunapimia, mipira ya kuvaa mu mikono, napokea chupa. Naita, "Anayefuata." Nainua macho. Ni Muzee Bizimana, na karatasi ya dokta mu mukono: sukari.

Aliniangalia. Akageuka upande wa Nyiragongo, ambayo siku ile ilikuwa imefunikwa na mawingu mpaka miguuni, na akasema, "Mulima umependeza leo, bamwana."

"Umependeza sana, bamwana," nikasema.

Alienda bila kutoa kitu.

Lakini siku ya ine iliyofuata alirudi na kikapu. Akakiweka juu ya kiukuta, mbali kidogo na mukono wangu. "Bamwana, nimekuletea viazi." Chini ya viazi, ndani ya kipande cha kitenge, kulikuwa chupa. Wakati ule tulikuwa tunakubali mukojo wa kuamka kutoka nyumbani, juu ule wa asubuhi ndio unaosema vizuri. Nikaelewa, nikachukua bila neno. Viazi nilipika. Vilikuwa vya Kibumba, siwezi kutupa viazi vya kwetu juu ya ile chupa iliyosafiri navyo.

Ikawa vile miezi na miezi. Kikapu, viazi, chupa. Na mukojo wa Muzee Bizimana ulikuwa muzuri kupita wote. Sukari: hakuna. Proteini: hakuna. Ulikuwa mweupe kama maji ya mvua. Lakini Mama Masika akimutoboa kidole, damu ilikuwa na sukari ya kushangaza. Tansio juu. Na akivua soksi, alama ya soksi ilibakia mu muguu kama kamba iliyofungiwa mu udongo.

Mama Masika akaniita pembeni. "Damu inapiga kelele, mukojo unanyamaza. Sukari ikiwa nyingi vile mu damu, lazima imwagike. Mumoja kati yao si wa huyu muzee, na damu nimeitoa mimi mwenyewe."

Kwanza tuliwaza bandeleti zimeharibika. Tulifungua boksi ingine, tukapima mukojo wa wagonjwa wengine: kahawia, kijani, kila rangi mahali pake. Boksi haikuwa na kosa. Basi akamuita.

"Muzee, huu mukojo ni wako?"

"Ni wa nyumbani kwangu," akasema.

"Leo utatoa hapa hapa."

Akapelekwa ku choo. Choo na labo vilikuwa vinagawanywa na ukuta wa mbao tu, na mimi nilikuwa upande wa pili, nikikohoa. Alikaa mule mpaka mustari wote ukaisha. Alitoka na chupa kavu. "Haijaiva," akasema, na akapanda njia ya Kibati.

Dokta aliyekuwa anapita siku ya ine hakuzunguka na maneno. Alisema: kama figo zinaharibika na hatuoni, hatutatoa dawa inayofaa, hatutajua tuzuie nini. Siku figo zitakapojionyesha, muzee atakuwa anavimba na kutapika, na tutasema juu ya mashine ya kusafisha damu. Mashine inataka mutu aende karibu yake kila juma maisha yote. Mimi nilikuwa nimeona waliofikia kule. Jirani yangu mumoja, mwalimu, tulimubeba mpaka ku gari akiwa anatania. Blanketi tuliyomufunika ndiyo ilirudi; yeye hakurudi.

Mama Masika alitaka nitoke pale siku Bizimana anakuja, nifagie upande mwingine. Nikakataa. "Atajua niko nyuma ya ukuta fulani. Na sasa anajua kama tunajua. Haya haitoki kwa kuhamisha ufagio."

"Basi muambie wewe. Ni bamwana yako."

"Ndiyo maana siwezi kumuambia."

Nilitembea na lile neno mpaka nyumbani, na nilipokuwa namenya vile viazi vyake, nikakumbuka. Kwetu, maneno mazito ya bamwana hayasemwi jicho kwa jicho. Wakati wa kuomba Solange, nani alisema? Si mimi, si Bizimana. Ni wasemaji. Wetu alikuwa Papa Hakiza, muzee wa Kibumba, mwenye ulimi wa asali na magoti yasiyosikia tena.

Nilimukuta anakunywa uji.

"Mama Solange. Ng'ombe zilikwisha kufika, mutoto alikwisha kuenda. Unatafuta nini tena kwa Bizimana?"

"Natafuta mukojo wake."

Papa Hakiza aliweka kikombe chini. "Mu maisha yangu," akasema, "niliomba mabinti, niliomba msamaha, niliomba mashamba. Hii sijaombaga."

"Ndiyo maana nimekuja kwa fundi."

Akatafuta kofia yake.

Siku ya yenga, nyuma ya misa, tukapanda Kibati. Walitupokea kama watu wa heshima, na kasikisi, ile pombe ya ndizi, ikatoka. Papa Hakiza akasema, "Leo tunaomba maji tu," na hapo wakajua kuko jambo. Msemaji wao alikuwa mudogo wake Bizimana. Sisi wawili, mimi na Bizimana, tulikaa kila mutu upande wake, kila mutu anaangalia miguu yake.

Papa Hakiza alisimama, akajisafisha koo. "Wapendwa wetu. Mulitupa ng'ombe, tukashukuru. Mulitupa mukwe, tukashukuru zaidi, juu anakula kidogo. Lakini kuko kitu kinachotoka mu hii nyumba na kutufikia kila siku ya ine. Tunakipokea kwa mikono miwili. Sasa tumeanza kuogopa kama si cha mwenyewe."

"Kitu gani hicho?" mudogo wake akauliza.

"Kinasafirigi chini ya viazi."

Watu walioelewa walicheka ndani ya vikombe. Wasioelewa walicheka juu ya wale. Bizimana hakucheka. Aliangalia kuku ikipita kati yetu na kutoka tena. Kisha akasema, hakusema kwangu, ingawa nilikuwa pale karibu namna ya kumugusa:

"Hakiza, ambia bamwana wangu. Ule ni wa Amani."

Amani ni mutoto wa Solange. Ni mujukuu wake, na ni mujukuu wangu. Wakati ule alikuwa hajaanza masomo. Miezi yote ile nilikuwa nainua mukojo wa mujukuu wangu ku mwangaza na kusema, huyu muzee yuko na mwili gani huu.

"Hakiza," nikasema, "ambia bamwana wangu kama Amani ana figo nzuri kabisa. Nami nilikuwa najiuliza kwa nini ule mukojo naupenda. Kumbe ni wa ukoo."

Hapo hata yeye alicheka. Mabega yake makubwa yalitikisika, akafuta macho na nyuma ya mukono. Lakini kicheko kilipoisha, uso ukarudi chini.

"Hakiza, muambie. Watu wanasema pale kuko mufanyakazi wa dirishani. Mimi nikifika simuoni mufanyakazi. Naona bamwana. Namna gani nitamupa mama wa bibi wa mutoto wangu kitu cha namna ile mu mukono? Afazali nife."

Sikungojea Hakiza ageuke. "Muambie, akikufa juu ya heshima, nitamulilia kwa heshima. Nitavaa vizuri. Nitakaa siku zote za kilio, nitaleta na maharagi. Lakini Amani akiniuliza nani atamufundisha kuchonga shingo ya chukudu isiyolia, mimi nitamujibu nini? Nitamuambia, mutoto wangu, babu yako alikuwa na haya?"

Solange, ambaye alikuwa ku mulango na sahani, aliigeuza sahani na kurudi nayo jikoni.

Bizimana aliangalia mikono yake. Niliona vidole vinaanza kupima kitu hewani, kama fundi anavyopima ubao usiokuwepo. Kisha akauliza, "Hakiza. Na kama asinione? Na mimi nisimuone? Kitu kipite, watu wasipite?"

"Namna gani?" Papa Hakiza akauliza.

"Kama ukuta ule ungekuwa na mulango."

Papa Hakiza, mutu wa sheria mpaka mwisho, akasimama tena. "Upande wetu unasema hivi: aliyedanganya bamwana yake lazima alipe. Faini yake ni kuchonga ule mulango."

Wakapiga makofi, na Bizimana akapiga pamoja nao.

Alishuka na chukudu imebeba mbao, na dokta mwenyewe akashika ncha ingine ya mita. Kabati mnayoiona ndiyo ile. Iko mu ukuta, kati ya choo na labo, na iko na milango miwili: mumoja wa mugonjwa, mumoja wa mufanyakazi. Mnajua kama ikifunguka upande huu, upande ule haufunguki, lakini sijui kama mumewahi kujiuliza kwa nini. Ingizeni mukono, mutasikia kijiti ndani, kinachoenda na kurudi. Bizimana alikichonga kwa siku nzima ili bamwana wasikutane macho. Mugonjwa anaweka chupa, anafunga, anagonga mara mbili, anaenda. Mufanyakazi anafungua. Hakuna aliyempa mutu kitu.

Mukojo wa kweli ukafika. Nilichovya bandeleti. Kiraka cha sukari kikawa kahawia kama chai iliyokaa ku moto. Kiraka cha proteini kikawa kijani.

Sikuita mutu. Nilifunga boksi kwanza, kama nilivyofundishwa, kisha nikaenda kwa Mama Masika na kijiti mu mukono. Aliangalia, akasema, "Afazali tujue." Tulirudilia juma lililofuata na lingine, juu homa ao kazi ngumu ya siku moja inaweza kutoa kijani ya kupita. Hii haikuwa ya kupita. Dokta akatuma damu ku labo kubwa mu muji. Figo zilikuwa zimepoteza sehemu.

Dokta alimuambia wazi, na mimi nikasikia nyuma ya kabati: "Muzee, kilichoharibika hakirudi. Kilichobakia ni kingi, na tunaweza kukilinda. Lakini si mimi nitakilinda. Ni wewe."

Hapo ndipo tulijua mambo yake, moja moja, juu mutu akikwisha kutoa mukojo wake wa kweli, maneno ya kweli yanafuata. Kumbe kila asubuhi, mbele ya kushika shoka, alikuwa anameza kinini za mugongo za kiosk ya Kibati, diklofenaki, na zikiisha ibuprofeni. Miaka. Mama Masika alifumba macho. "Sukari inapiga figo kwa fimbo, tansio inapiga kwa fimbo, na wewe unaongeza yako." Zile alizikata siku ile. Mugongo ukapewa parasetamoli kwa kipimo, kitambaa cha maji ya moto, na kijana wake wa kuinua mbao. Dokta akamupa dawa ya tansio, ile inayolinda na figo pia, na akabadilisha ile ya sukari. Bibi yake alikuja ku kitambaa cheupe. Alichota, akamwaga, akaangalia, akasema, "Yesu wangu, na nilikuwa nasema ni mimi napika vizuri."

Kisha muzee mwenyewe akaleta unga wa mizizi, aliouziwa na mutu mwenye kipaza sauti aliyesema unasafisha figo. Mama Masika akaunusa. "Muzee, figo inajisafishaga yenyewe. Ni sisi tunaichafua." Unga ukaenda mu shimo.

Haikuwa njia ya kunyooka. Kuko mwaka alichoka na dawa na akasema amepona, na tansio ikapanda mpaka Papa Hakiza akatumwa tena, akibebwa ku chukudu, maana magoti yalikataa. Kuko wakati muji ulitikisika, moto ya umeme ikapotea, na insulini tuliiweka mu nyungu ya udongo ndani ya nyungu ingine, muchanga wenye maji katikati. Muchunge zile nyungu. Zilifanya kazi siku ambazo friji ilikuwa kabati ya nguo. Mara moja njia ya Kibati ilifungwa, na tuliposema huyu muzee tumemupoteza, tulisikia upande wa pili wa ukuta: to, to. Alikuwa ameshuka kwa miguu kupitia mashamba, na kikapu.

Na si yeye tu. Kabati ikafanya kazi na wengine ambao hatukuwawaza. Mama aliyeogopa mutu asichukue mukojo wake kumulogea. Mukwe aliyemukuta mama mukwe yake mu mustari. Muchungaji. Wale wote walikuwa wanatuletea chupa, na Mungu peke yake alijua za nani. Dawa bila mukojo wa kweli ni kupiga jiwe mu giza. Basi, ule ukuta wa mbao uliobakia, mujenge wa simenti. Lakini mukate tundu, na muirudishe.

Mama Masika alirudi Butembo akiwa na miguu mibaya, akaniachia ile sahani ya bati. Hakusema kitu kikubwa. Alisema, "Suuza."

Sasa siku yangu ya mwisho. Mulileta keki na sukre, zile soda za sukari, mu chumba cha wagonjwa wa sukari. Nitasema tu hivi: mulikuwa na moyo muzuri. Ilikuwa siku ya ine, benchi imejaa, na mimi nilikataa kuvua mipira mpaka mustari uishe.

Muzee Bizimana alifika na fimbo. Siku hizi shoka iko mu mikono ya Amani, yeye anakaa pembeni na kukosoa. Alinisalimia kwa mbali, akaelekea nyuma. Nilisikia mulango wa choo. Nikasimama mbele ya kabati nikingojea kugonga.

Hakugonga.

Nikangojea. Nikaanza kuwaza ameanguka, nikashika kitasa, na kijiti kikakataa: upande wake ulikuwa ungali wazi. Halafu nikasikia fimbo yake mbele, upande wa watu. Alikuwa amezunguka nyumba. Akaja mpaka ku dirisha, benchi yote ikimuangalia, na chupa mu mukono. Hakukuwa kitenge, hakukuwa kikapu juu yake.

"Bamwana," akasema. Aliniangalia mu macho, kitu ambacho sijui kama alishawahi kukifanya. "Kesho utakuwa bamwana wangu tu, na hii haitakufikia tena. Leo ungali mufanyakazi. Pokea."

Nilipokea kwa mikono miwili, kama inavyopokelewa kitu cha heshima. Ilikuwa ingali ya moto.

Nikachovya bandeleti pale pale, mbele yake. Yeye akageuka upande wa mulima, juu mutu hawezi kuvuka mito yote siku moja. Sukari: buluu. Proteini: kijani, ile kijani nyembamba ya mwaka uliopita na wa kabla yake. Haikupanda.

"Inasema nini?" akauliza mulima.

"Inakaa pale pale, bamwana."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Kisha akaonyesha chini na fimbo. Kikapu kilikuwa ku muguu wa ukuta.

"Hivi," akasema, "leo ni viazi tu."